Mguu Wangu na Watu wa Pudentienne

Watu wa Kilibula wanasema nilivunjika nyonga kwa sababu ya wivu. Waongo hao. Nilivunjika kwa sababu mume wangu, Libérat, ni seremala asiyefagia. Ni kweli nilikuwa nimesikia kicheko cha Consolate kutoka karakana ya mume wangu, na ni kweli nilikuwa nakimbia, na mwanamke wa umri wangu mwenye ugonjwa wa moyo hakimbii bure. Lakini kilichoniangusha ni maranda ya mbao pale mlangoni. Niliteleza, nikaangukia ubavu, na mguu wangu wa kushoto ukageukia nje kama si wangu.

Consolate ndiye alikuwa wa kwanza kuniinamia. "Yaya, pole! Pole, yaya wangu!" Yaya ni dada mkubwa. Mimi si dada yake. Yeye ni mjane wa jirani, anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni, ana meno yote kinywani tena meupe, na ana kiti kimoja ambacho kila juma kilivunjika mguu na kila juma kilihitaji seremala. Nilikuwa chini natoka jasho la maumivu, na bado niliona kwamba siku ile kiti chenyewe hakikuwa na kasoro yoyote.

Mnielewe vizuri. Sisi ni Wakatoliki, tulifunga ndoa mbele ya padri, na padri haruhusu mwanaume awe na wake wawili. Jambo hilo lilinifariji miaka yote, maana sikuzaa. Wanaume wengine wangenirudisha kwetu na kudai ng'ombe wao, Libérat hakunirudisha. Lakini dini hiyohiyo inasema mke akifa mume yuko huru. Kwa hiyo Consolate hakuwa na haja ya kunisema wala kuniroga. Alihitaji tu nife. Nikiwa nimelala palepale juu ya maranda niliamua kwamba sifi.

Walinibeba juu ya mlango, mlango mpya wa mwenye duka, hata rangi haujapigwa. Libérat alishika mbele akilia, Consolate akashika kona ya nyuma kama mwanaume. Hospitalini munganga mzungu aliupima mguu, kisha akausikiliza moyo wangu muda mrefu kuliko nilivyopenda, akatikisa kichwa. Wakanilaza kwenye chumba cha wanawake. Mguu wakaufunga kamba inayopita juu ya gurudumu dogo mwishoni mwa kitanda, na kwenye kamba wakaning'iniza mfuko wa mchanga, uuvute mfupa mpaka ukae mahali pake. Juu ya kichwa changu wakafunga kamba nyingine yenye kijiti cha kushika.

Aliyenitafsiria maneno ya munganga ni muuguzi mmoja wa Luvungi, Étienne, mwanaume mrefu asiyejua kubembeleza. Alisimama pembeni ya kitanda akasema, "Mama Domitille, mfupa utapona. Mfupa hauui muntu. Kinachoua ni kulala. Damu isipotembea mguuni inaganda kama maziwa ndani ya kibuyu. Bonge likikatika linapanda mpaka kwenye mapafu, na muntu anakwenda huku anaongea. Wazima wanaponea hapo mara nyingi. Lakini weye uko na moyo mubaya, damu yako ilikuwa inatembea polepole hata kabla ya kuanguka. Kwa hiyo mfuko wa mchanga unafunga mguu mumoja tu. Vingine vyote cheza navyo. Vidole vya miguu, kisigino, goti la mguu muzima. Shika kamba ujiinue. Vuta pumzi mpaka tumboni. Usingoje kuambiwa."

"Na nikichoka?"

"Ukichoka, pumzika, uanze tena."

"Na nikikataa?"

"Tutakuzika," akasema Étienne, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nilimwona Consolate kichwani mwangu amevaa kitenge kipya, amesimama mbele ya padri na meno yake yale. Nikaishika kamba.

Sikuwa nimezoea kazi hiyo, na kusema kweli ningeweza kuiacha, kama asingeletwa Pudentienne.

Aliletwa na lori la pamba kutoka Luberizi. Alikuwa ameanguka kwenye ngazi ya ghala la mpunga, nyonga imevunjika kama yangu, na juu ya hilo alikuwa na ugonjwa wa sukari wa miaka mingi. Kitanda chake kikawekwa kando ya changu. Mfuko wa mchanga uleule, kamba ileile, na Étienne akamhutubia maneno yaleyale, mpaka lile la maziwa kwenye kibuyu. Tofauti ni kwamba alipomaliza, hakuwa anaongea na muntu mumoja. Nyuma ya Pudentienne walikuwa wameshuka mabinti, wakaza wana, wajukuu, mashemeji na jirani wawili waliokuja kusaidia kulia. Walipiga kambi uani mwa hospitali, wakawasha mafiga, na kuanzia siku ile chumba kizima kilinuka wali na siagi ya ng'ombe.

Ee Mungu wangu, wivu ule! Nilikuwa nadhani naujua wivu kwa sababu ya Consolate. Sikuwa naujua. Consolate alinichoma kama mwiba, unauma mahali pamoja. Watu wa Pudentienne walinichoma mwili mzima.

Kila asubuhi Agnès, mke wa mwanawe wa kwanza, alikuja na maji ya uvuguvugu akamwosha uso mama mkwe wake, akamkausha, akampaka mafuta. Mwingine alimsuka nywele. Wa tatu alimlisha uji kwa kijiko, akipuliza kila kijiko kabla hakijafika mdomoni. Akitaka kugeuka, walimgeuza. Akitaka kukohoa, mmoja alimshika mgongo. Nzi hakumgusa. Na ile kamba yake ya kujivutia, unajua waliifanyia nini? Walitundika rozari na taulo.

Étienne alipandwa na hasira. "Hiyo kamba ni ya mikono yake! Mwacheni ajiinue mwenyewe!"

Agnès aliinama kwa heshima, lakini hakurudi nyuma. "Munganga, tusamehe. Huyu ni mama. Amezaa, amelea, amechoka. Akionekana anajivuta na kamba kama mbuzi, na sisi tuko hapa na mikono mizima, watu wa Luberizi watasema nini? Watasema wakaza wana wamechoka naye. Jina langu litafika Luvungi kabla ya lori."

"Basi mwambieni akunje hata vidole."

"Vidole tunamkunjia sisi," akasema Agnès, na kweli akavikunja viwili vitatu, taratibu, kama anavyoshikwa mtoto mchanga.

Pudentienne mwenyewe alikuwa mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Alimtazama Étienne akatabasamu. "Mwanangu, watoto wanapenda hivyo. Nitawakatazaje?" Na wote wakacheka, na mimi nikageukia ukutani nikauma shuka.

Maana mimi nani alinikunjia vidole? Ng'ombe wa maskini hazai. Libérat alikuja saa za kuona wagonjwa, akaketi, akaniuliza nimelalaje, akaeleza habari za mlango wa mwenye duka. Asiponiangalia mimi aliangalia kucha zake. Na nyuma yake alikuja Consolate na sufuria kichwani, kwa sababu, eti, mwanaume hajui kupika chakula cha mgonjwa.

Chakula chenyewe kilikuwa kitamu. Hilo ndilo lililoniua. Sombe, yale majani ya muhogo, limetwangwa mpaka limekuwa laini, ndagala hawakuungua, mawese ya kutosha. Nilikula yote kwa hasira. "Yaya amependa!" akasema Consolate akimtazama mume wangu, siyo mimi. Libérat akachekelea kama mtoto aliyesifiwa shuleni. Nikamwuliza, "Weye unakula wapi siku hizi?" Akasema, "Consolate ananisaidia." Nikauliza, "Anakusaidia kwake ama kwangu?" Akasema, "Kwako, mafiga yako ni mazuri zaidi." Aka! Mafiga yangu!

Kuanzia hapo sikutulia. Nikisikia hatua koridoni, najivuta kamba nichungulie dirishani nione kama wanakuja pamoja au mbalimbali. Wakiondoka, najivuta tena nione wanatembea bega kwa bega au mmoja nyuma ya mwingine. Watu wa Pudentienne wakileta kibuyu, najiinua nione ni maziwa au ni uji. Wakimnong'oneza kitu, najiinua nisikie. Mguu mzima nilikuwa naukunja na kuukunjua kwa hasira tu, kama mtu anayepiga teke. Nilivuta pumzi mpaka tumboni kwa sababu nilikuwa nahema kwa chuki. Étienne alipopita aliniangalia akasema, "Vizuri sana, mama Domitille. Weye ndiye unasikia maneno." Masikini, alidhani ni utii.

Hata yeye nilimwonea wivu. Kwangu alisema vizuri sana akapita. Kwa Pudentienne alisimama, akabembeleza, akagombana, akarudi. Nikamwita siku moja nikamwambia, "Minye siko mgonjwa? Mbona hunisimamii?"

"Weye hunipi kazi," akajibu.

Nikasema, basi nitakupa. Siku ile nilimlalamikia Pudentienne waziwazi, kwa sauti ambayo chumba chote kilisikia. Nikamwambia kwamba Mungu amegawa vibaya, kwamba mwingine anapulizwa uji na mwingine anajikokota na kamba, kwamba nikifa watu wawili watanizika na mmoja wao atakuwa anafurahi. Nilitaka ajibu kwa ukali, tugombane, nipumue. Lakini Pudentienne aliniangalia kwa macho yake makubwa akasema, "Agnès, na huyu ni mama. Mhudumieni."

Kumbe hivyo ndivyo ilivyo! Kesho yake nilioshwa uso kwa maji ya uvuguvugu. Nilipulizwa uji. Agnès aliniinua kwa mikono yake yenye nguvu, akaniwekea mto, akanipaka siagi mabegani huku akiniita mama, neno ambalo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuniita isipokuwa adabu. Nililala siku nzima bila kugusa kamba. Sikumchungulia Consolate. Nilifumba macho nikawaza, kama hivi ndivyo kufa, basi nife.

Étienne aliingia jioni mapema akanikuta hivyo. Hakupiga kelele. Alifunua shuka, akalishika shavu la mguu wangu, akalibonyeza, akaangalia uso wangu. "Inauma?"

"Hapana."

"Mshukuru Mungu. Mama, minye nimewaona wagonjwa wengi kama weye. Wanakuja na mfupa, wanapona mfupa, wanakufa na bonge. Mwenye sukari, mwenye moyo, mwenye mapafu, hao ndio wa kwanza. Unataka nikudanganye?" Kisha akawageukia wale wanawake wote. "Na mguu wa muntu ukivimba, ukiwa na moto, ukiuma hapa nyuma, msiuguse. Msiukande, msiuchue, msiupake kitu. Niiteni. Mmesikia?"

Wakasema wamesikia. Na mimi nikarudi kwenye kamba yangu, kwa sababu alipotoka nilimsikia Consolate koridoni akimwuliza Libérat kama shati lake la Jumapili limekauka. Nani alilifua?

Ikapita siku kadhaa. Asubuhi moja niliwaona wameinama upande wa miguu ya Pudentienne. Nilijiinua. Mguu wake wa kulia, ule usiofungwa mchanga, ulikuwa umevimba kuanzia kifundo mpaka gotini, ngozi imevutika inang'aa. Pudentienne alisema unamuuma kama umebanwa. Agnès alikuwa ameweka siagi ya ng'ombe kwenye bakuli la maji ya moto ili iyeyuke. Kwao mwanamke akizaa anakandwa, mzee akivimba anachuliwa, na mkaza mwana mwenye mikono mizuri anajulikana kwa kazi hiyo.

"Agnès!" nikaita. "Acha! Ita Étienne!"

Hakunitazama hata kidogo. "Étienne atatugombeza tena, mama. Ni uvimbe tu. Atakuta umeshuka."

"Alisema msiuguse! Mlisikia wote!"

Binti mmoja, mdogo wao, alinigeukia. Alikuwa amevumilia maneno yangu siku nyingi, na sikumlaumu. "Mama Domitille, uji wetu ulikuuma. Maziwa yetu yalikuuma. Tukamhudumia na weye, ukatulia siku moja. Sasa hata mafuta yanakuuma? Mwacheni mama yetu apendwe."

Nilitaka kusema si wivu. Lakini angeniamini nani? Chumba kizima kilinijua. Mgonjwa wa kitanda cha mlangoni, ambaye hakuwa na ndugu pale, alicheka. Nikapiga kelele, "Étienne! Étienne!" mpaka kifua kikaniuma. Étienne alikuwa upande wa wanaume, anashona mtu aliyekatwa na panga. Nilivuta kamba kwa mikono yote miwili, nikataka kuteremka, na mfuko wa mchanga ukanirudisha kitandani. Ile mikono ya Agnès ilikuwa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, laini, yenye upendo wote duniani.

"Ahsante, wanangu," akasema Pudentienne. "Sasa niinueni kidogo." Wakamwinua wanne. Aliketi akaniona ninavyohangaika, jasho usoni, akanihurumia. "Agnès, mpe na jirani maziwa, anapiga kelele na njaa, mpe ya..."

Hakumaliza. Alishika kifua, akafungua mdomo kutafuta hewa, midomo ikabadilika rangi. Étienne aliingia anakimbia na damu ya mwingine kwenye mikono. Alijaribu alivyoweza, munganga mzungu naye akaja, akajaribu. Alikwenda huku anaongea, na neno alilokuwa nalo mdomoni lilikuwa langu.

Sitawaeleza kilio kile. Uwanja wote wa hospitali ulilia. Lori la pamba lilirudi, likajaa, wengine wakafuata kwa miguu, na nitawaambia ukweli kwa sababu mimi sipaki mambo sukari: hata siku ile nilimwonea wivu. Nilijiinua kwa kamba nikatazama dirishani watu wale wote, nikawaza, hata kufa amekufa na watu. Halafu nikaogopa wazo langu, nikafanya ishara ya msalaba.

Kabla hawajaondoka Agnès aliingia peke yake kuchukua rozari kwenye kamba. Aliifungua kwa shida, vidole vilikuwa bado vinateleza kwa siagi. Akasimama mbele yangu. Macho yalikuwa yamevimba. "Mama, weye ulipiga kelele. Weye ulijua. Niambie. Ni mikono yangu?"

Majuma mazima nilikuwa nimetafuta kitu cha kuwaumiza watu wale, na sasa kilikuwa mkononi mwangu, kizito, na yeye mwenyewe alikuwa anakiomba. Étienne alikuwa amesimama mlangoni, anasikia.

"Sukari," nikamwambia. "Mama yako alikuwa na sukari ya miaka mingi. Sukari ndiyo ilimchukua. Mikono yako ilimfanya acheke mpaka mwisho."

Agnès akaniinamia, akaweka paji la uso kwenye bega langu, akalia. Étienne hakunisahihisha. Akatoka.

Baada ya hapo nilijivuta kamba mpaka viganja vikaota sugu. Kila asubuhi nilibonyeza shavu la mguu wangu mwenyewe nione kama linauma. Mfuko wa mchanga ukapunguzwa, kisha ukaondolewa. Libérat akaniletea magongo mawili ya mbao nzuri, ameyalainisha mpaka hakuna hata kibanzi, na vichwani yamevikwa kitambaa cha maua. Nikakitambua kile kitambaa. Ni cha kitenge cha Consolate. "Ili yasikuumize makwapa," akasema Libérat. Niliyatumia. Ningefanya nini? Nilitembea kutoka kitandani mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka uani, nikitukana kila hatua, na Étienne nyuma yangu anasema, "Tukana, mama, lakini tembea."

Siku ya kurudi nyumbani nilitegemea kumwona Libérat peke yake na mkokoteni. Akaja na wanaume wa mtaa na ingobyi. Ingobyi ni kile kitanda cha kusukwa ambacho wanaume wanne wanakibeba mabegani, na wengine wanafuata nyuma ili wawapokee. Hakikodiwi, hakinunuliwi. Mtu asiye na watu habebwi kwa ingobyi. Mimi, Domitille, mgumba wa Kilibula, nililetewa ingobyi!

"Nani aliwaita hawa wote?" nikauliza.

"Consolate," akasema Libérat. "Alipita nyumba kwa nyumba, anawaomba."

Sikujua nifurahi au niteme mate. Nilifurahi. Nilipanda. Wakaniinua, wakaanza kuimba, na njia nzima watu walisimama kututazama. Nilisikia mwanamke mmoja anasema, "Angalia mke wa seremala anavyopendwa!" Nilinyoosha shingo ili aniangalie vizuri. Hewa ya ziwa ilikuwa inanipiga usoni, mabega ya wanaume yananibembeleza, na kwa mara ya kwanza maishani hakukuwa na mtu duniani niliyemwonea wivu.

Tulipofika nyumba za kwanza za Kilibula, Consolate, aliyekuwa anatufuata nyuma, alisogea karibu, akashika ukingo wa ingobyi. "Yaya, usiwe na wasiwasi hata kidogo. Nimetandika. Godoro la pamba mpya, mito miwili. Hutashika hata kijiko. Utalala mpaka Pasaka, minye niko pale asubuhi na jioni. Nitakulisha, nitakuogesha, nitapika."

Na Libérat, upande mwingine, macho yamelowa, akasema, "Ndiyo, mke wangu. Umeteseka mno. Sasa lala, upendwe."

Nilimtazama. Hakuwa anadanganya. Wala Consolate hakuwa anadanganya, na hilo ndilo lilinishtua zaidi. Mikono yake ilikuwa mizuri kama ya Agnès.

"Nishusheni," nikasema.

"Bado kidogo, tumekaribia."

"Nishusheni hapa! Nipeni magongo yangu!"

Wimbo ukakatika. Wanaume wakatazamana, wakanishusha. Watu walikuwa wamejaa pande zote mbili za njia. Libérat akaniinamia akasema kwa sauti ya chini, "Domitille, unaniaibisha. Watasema sikupendi."

"Waseme."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Libérat, minye sitaki kupendwa nimelala."

Nikatia magongo makwapani, nikaanza. Kutoka pale mpaka kwetu si mbali kwa mtu mzima. Kwangu ilikuwa kama kwenda Bukavu. Nyuma yangu walikuja wanaume na ingobyi tupu, wamenyamaza kama watu waliotoka kuzika. Mzee mmoja wa kike, aliyeketi mbele ya nyumba yake, alitikisa kichwa akasema kwa sauti, "Maskini, hana mtu."

"Niko naye!" nikamjibu bila kusimama. "Yuko nyuma yangu anabeba kitanda!"

Sijui kama ni maneno ya Étienne yaliyonishusha pale njiani au ni wivu. Nikipima vizuri, naona wivu ulikuwa na uzito zaidi. Kifo cha Pudentienne nilikuwa nimekiona kwa macho yangu na bado nilikuwa tayari kubebwa. Ni pale nilipomsikia mwanamke mwingine anasema "nitapika" ndipo nilipata miguu.

Niliingia moja kwa moja jikoni. Sufuria ilikuwa motoni, maji yanachemka, unga pembeni, kila kitu mahali ambapo si mimi niliyekiweka. Consolate aliingia mbio nyuma yangu akachukua mwiko. Nikanyoosha mkono. Alimtazama Libérat mlangoni. Libérat alitazama chini. Akanipa.

Nilimimina unga. Nilisonga nimeegemea gongo moja, mguu unawaka moto mpaka machozi yananitoka, na wao wawili wamesimama hawajui waweke wapi mikono yao.

"Consolate," nikasema, "ahsante kwa yote. Sasa nenda kwako. Ugali ukiiva nitakuita."

Akanawa mikono, akaenda.